Maji ya Kisima Bondeni: Jinsi Mchanga wa Msimbazi Unavyopitisha Uchafu

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumzia jambo lililo chini ya miguu yetu. Kwa kuwa halionekani, hatulifikirii mpaka mtoto aanze kuhara. Ni maji ya ardhini katika bonde la Mto Msimbazi, hasa pale Jangwani na mitaa inayolizunguka: Kariakoo, Mchikichini, Kigogo, Magomeni na Hananasif. Zipo familia huko zenye kisima uani, na nyingine hununua maji ya kisima kwa dumu bomba linapokauka. Mara nyingi familia hizo hizo hutumia choo cha shimo, na pengine kiko hatua kumi tu kutoka kisimani.

Tangu shuleni tumefundishwa kwamba ardhi huchuja maji. Ni kweli, lakini lazima tuulize: ardhi ipi? Maana ardhi ya bondeni si kitu kimoja. Imejengwa na mto wenyewe, mvua baada ya mvua, kwa maelfu ya miaka.

Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Tabata, hupokea vijito vingine njiani, kisha huvuka barabara ya Morogoro pale Jangwani na kuingia baharini kwenye daraja la Selander. Safari yote ni kama kilometa 35. Huko juu kwenye mteremko maji yana nguvu, nayo hubeba changarawe, mchanga na udongo. Yakifika Jangwani, mahali tambarare palipoinuka mita chache tu juu ya usawa wa bahari, huchoka. Hapo huanza kutua mzigo: kwanza ule mzito, mwisho ule mwepesi. Mzigo huo uliotuliwa ndio tunaouita mashapo.

Mzazi anaweza kuwaonyesha watoto jambo hili nyumbani. Chukua chupa pana ya kioo, tia konzi ya udongo wa bondeni, jaza maji, funga na utikise kwa nguvu. Mchanga utafika chini kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini. Tope laini litafuata taratibu. Lakini yale maji ya juu yatabaki na rangi ya chai ya maziwa hata kesho yake, kwa sababu chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno na hazina haraka ya kutua.

Mto hufanya hivyo hivyo. Karibu na mkondo wake huacha mchanga wa chembe kubwa. Mafuriko yanapotapakaa uwandani na kutulia, huacha tope na mfinyanzi. Upande wa baharini, maji ya chumvi yanayopanda na kushuka huzifanya chembe za mfinyanzi zishikamane, zikatua kwenye mikoko. Tena mto haukai njia moja. Huhama. Mkondo wa zamani hubaki umejaa mchanga, na mafuriko ya miaka inayofuata huufunika kwa mfinyanzi. Basi ukichimba Jangwani unaweza kukuta mfinyanzi mweusi kwa kina cha mtu mzima, na jirani yako, hatua ishirini tu kutoka hapo, akakuta mchanga mtupu. Yeye ameangukia juu ya mto wa zamani uliozikwa. Visima vyenu ni majirani, lakini maji yake hayafanani.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, alieleza jinsi alivyopima maji yanayopita katika mchanga alipokuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon. Aliona kwamba mwendo wa maji hutegemea mambo mawili: ukubwa wa mteremko wa maji hayo, na wepesi wa mchanga kuyapitisha. Kanuni yake hutumika mpaka leo. Tuitumie basi kwa hesabu ya kukisia. Tuseme maji ya ardhini yanashuka mita 1 katika kila mita 100. Katika mchanga wa kawaida yatakwenda kama theluthi moja ya mita kwa siku, hivyo mita 30 zitachukua karibu miezi mitatu. Katika mchanga wa chembe kubwa wenye changarawe yanaweza kwenda mita 2 au 3 kwa siku, na mita 30 hizo hizo zikamalizika kwa siku 10 hadi 15. Katika mfinyanzi uliobana, hata miaka elfu moja haitoshi.

Tumetaja mita 30 kwa makusudi. Ndiyo kanuni inayofundishwa sana na mabwana afya: kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka chooni. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini ndani yake kuna dhana kwamba maji yatachelewa njiani. Vijidudu vingi vya kinyesi hufa vikikaa ardhini kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana Wajerumani, katika kulinda visima vya miji yao, hupima eneo la ulinzi kwa siku wala si kwa mita peke yake, nao huhesabu siku 50. Sasa msomaji ajionee mwenyewe. Katika mchanga wa kawaida, miezi mitatu inatosha. Katika mkondo wa zamani uliozikwa, siku 15 hazitoshi, hata kama fundi alipima mita 30 kwa kamba.

Shida nyingine ya Jangwani ni kwamba maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi. Kati ya sakafu ya shimo la choo na maji panatakiwa pawe na udongo mkavu, kwa sababu huko ndiko kuchuja kwenyewe hufanyika vizuri. Wakati wa masika, shimo lenyewe linakuwa limesimama majini. Watu wamebuni vyoo vya kupanda ngazi, vilivyoinuliwa kwa matofali, na hiyo ni hatua njema. Lakini ipo tabia ya kutapisha vyoo wakati mvua inapokuwa kubwa, yaani kuuachia uchafu uende na mafuriko. Uchafu huo hauendi baharini wote. Sehemu yake hutua pamoja na tope mbele ya mlango wa jirani, na sehemu huzama mchangani.

Si uchafu wote unaosafiri kwa namna moja, na hapa ndipo akina mama na akina baba wengi hukosea. Vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu ni vikubwa kiasi. Mchanga laini huvikamata. Virusi ni vidogo zaidi, huenda mbali zaidi. Madini mazito kama risasi na kadimi, yanayotoka kwenye gereji, betri na viwanda, hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na kukaa humo. Kwa hiyo tope la bondeni ni ghala la madini hayo. Mwaka 1999 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na madini ya namna hiyo yalikuwamo. Anayelima mchicha kwenye tope jipya la mafuriko analima ndani ya ghala hilo.

Kisha kuna nitrati, chumvi inayotokana na mkojo na kinyesi vinapooza. Hii haishikwi na mchanga, wala haifi, wala haina rangi au harufu. Huenda kila maji yaendako. Mtafiti wa Kitanzania, Rubhera Mato, katika kazi yake iliyokamilika mwaka 2002 kuhusu uchafuzi wa maji ya ardhini jijini, alikuta nitrati na vijidudu vya kinyesi katika visima vya Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, na sababu kubwa ni watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yenye nitrati nyingi, damu yake hushindwa kubeba hewa vizuri. Midomo, ufizi na kucha hugeuka rangi ya kijivu au samawati, naye huwa mlegevu na kupumua kwa shida. Apelekwe hospitali mara moja.

Jambo ambalo tungependa lishikwe vizuri ni hili: kuchemsha hakuondoi nitrati. Maji yakichemka mvuke hutoka, nitrati hubaki, hivyo maji yaliyochemshwa sana huwa nayo zaidi. Vivyo hivyo chumvi na risasi. Mama mwenye bidii anayechemsha maji ya kisima robo saa nzima kwa ajili ya chupa ya mtoto ameua vijidudu vyote, na hilo ni jema, lakini nitrati hajaigusa. Kwa mtoto huyo maziwa ya mama ndiyo salama kuliko yote; na ikiwa lazima apewe ya kopo, atafutiwe maji ya bomba, yachemshwe.

Maji ya ardhini huenda upande gani? Kiangazi, maji kutoka mitaa iliyoinuka ya Kariakoo, Ilala na Magomeni hushuka taratibu kuelekea mtoni, yakipita chini ya vyoo vyote vya njiani. Mafuriko yakija, mto huwa juu kuliko maji ya ardhini, na mambo hugeuka: mto husukuma maji yake machafu kuingia kingoni. Wapenzi wa Yanga wanajua jinsi uwanja wao wa Kaunda unavyojaa maji, hata watani wao wa Simba wakawaita vyura. Utani ni mtamu, ila maji yale yale yako visimani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Pampu nayo ina nguvu ya kugeuza njia: ukivuta maji mengi kutwa nzima, kisima chako hukaribisha maji ya mto, au ya choo cha jirani, au ya bahari ikiwa uko karibu nayo.

Hata tope la sakafu ya mto lina kazi yake. Huziba matundu ya mchanga na kupunguza maji machafu yanayozama. Kuchimba mto ili maji ya mvua yapite ni lazima, wala hatupingi. Lakini wachimba mchanga wanapoondoa ngozi hiyo ovyo karibu na visima, wanafungua mlango.

Wengine husema, basi tuchimbe kirefu. Chini ya jiji mara nyingi kuna mchanga wa juu, kisha tabaka la mfinyanzi, kisha mchanga mwingine chini yake. Kisima kirefu hupata kinga ya mfinyanzi huo, kwa masharti. Tabaka lenyewe lina mahali lilipokatika. Tena kama fundi hakuziba kwa saruji nafasi iliyo nje ya bomba la kisima, maji ya juu hushuka humo kama kwenye mfereji. Kabla ya kumlipa fundi mwulize ameziba mpaka kina gani, na amekuta udongo gani kila mita. Fundi mzuri huandika.

Baada ya mafuriko, maji ya kisima yasinywewe mpaka kisima kitolewe maji yote, kisafishwe na kutiwa klorini kwa maelekezo ya bwana afya au bibi afya wa kata. Kipindupindu cha mwaka 2015, kilichoanzia Dar es Salaam, bado tunakikumbuka. Siku nyingine zote maji ya kisima ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini. Na angalau mara moja kiangazi na mara moja masika, yapimwe. Maabara za Wizara ya Maji hupima. Nyumba tano au sita za jumuiya moja zikichanga, gharama inabebeka. Chupa ya kupimia vijidudu ichukuliwe huko huko maabara ikiwa safi, isisuuzwe, ijazwe asubuhi na kurudishwa siku hiyo hiyo ikiwa kwenye barafu. Mkifika, ombeni nitrati nayo ipimwe.