Ziwa Linalopendwa na Wengi

Kitu kipendwacho na wote huharibika upesi, kama hakuna wa kukilinda. Ndivyo ilivyo kwa maziwa pia. Leo tunawaeleza wasomaji wetu habari za ziwa la Annecy, katika nchi ya Ufaransa.

Ziwa hili limezungukwa na milima. Urefu wake ni kilometa 14 hivi, na kina chake hufika mita 82. Watu wa mji hunywa maji yake. Kwa uzuri wake wageni walikuja wengi, kuogelea na kupiga makasia. Nyumba zikajengwa pwani, na maji machafu ya vyoo na ya jikoni yakatiririka ziwani.

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Uchafu wa namna hiyo ni kama mbolea: hulisha mimea midogo sana ya majini, nayo huzidi mno. Ikifa huzama na kuoza, na kule kuoza humaliza hewa ambayo samaki huivuta. Kwa juu ziwa lilipendeza bado. Kwa chini lilikuwa likisongwa pumzi.

Katika miaka ya 1940 mganga mmoja wa Annecy, Paul Servettaz, aliuona ugonjwa huo akaanza kuwaonya wenzake. Mwaka 1957 mji na vijiji vya pwani vilifanya shirika moja. Viliafikiana kulizungusha ziwa kwa bomba kubwa, lipokee maji machafu yote na kuyapeleka mahali pa kuyasafishia. Kazi ilidumu tangu miaka ya 1960 hata miaka ya 1970, na gharama yake ilikuwa kubwa. Lakini maji yalirudia usafi wake, na leo ziwa hilo lahesabiwa kati ya yaliyo safi sana katika Ulaya.

Je, shida imekwisha? Hapana. Usafi wenyewe umezidi kuwavuta watu. Wakati wa joto magari hujazana njiani, na mawimbi ya mashua hupiga matete ya pwani, ambamo samaki huzalia na ndege hujenga viota. Matete yaliyobaki ni machache sana kuliko ya zamani. Sheria ya mwaka 1986 yazuia kujenga ovyo karibu na maji. Hata hivyo wenye kutaka viwanja hawapungui.

Nasi je? Tuna ziwa letu la Kivu. Takataka za plastiki zinazotupwa Bukavu huteremka na maji mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, zikaziba mitambo, na umeme ukakatika majumbani mwetu. Anayetupa chupa mferejini ajifungia taa yake mwenyewe.

Wazee wetu husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Watu wa Annecy waliziba ufa mapema, tena kwa pamoja, kwa kuwa kijiji kimoja peke yake hakiwezi kusafisha ziwa. Wazazi na wanafunzi, tuanze na mfereji upitao mbele ya nyumba zetu.