Wote wana presha, ila vidonge si vimoja

Baba vidonge vimemwisha, tarehe ya kliniki bado wiki mbili. Mama anafungua mkoba na kumkatia vyake vinne. "Si dawa ya presha hii hii?" Jambo hili ni la kawaida katika nyumba zenye wazee wawili wenye presha, na linafanywa kwa nia njema. Ila dawa za presha ni nyingi, na kila moja ina kazi yake.

Amlodipini hulegeza mishipa ya damu ipanuke. Haidroklorothiazaidi, ambayo wengi tunaiita dawa ya kukojoa, hutoa chumvi na maji kupitia figo. Perindoprili na ndugu zake, wale ambao majina yao kwenye boksi huishia na herufi PRIL, huzuia mwili kutengeneza homoni inayobana mishipa.

Wagonjwa wengi huhitaji dawa mbili kwa pamoja. Zipi? Kwa miaka mingi madaktari wetu walitegemea zaidi majibu ya Marekani na Ulaya. Ndipo mwaka 2017 ukaanza utafiti uitwao CREOLE, uliohusisha watu wazima weusi 728 katika nchi sita: Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kamerun na Afrika Kusini. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, kila kundi na jozi yake ya dawa. Baada ya miezi sita, presha yao ilipimwa kwa kifaa kinachovaliwa saa 24, usingizini na kazini.

Majibu yalichapishwa mwaka 2019. Jozi mbili zenye amlodipini zilikaribiana sana, na zote zilishusha presha ya juu kwa takriban milimita 3 zaidi ya jozi ya perindoprili na dawa ya kukojoa. Milimita tatu ni kidogo kwa mtu mmoja. Kwa nchi nzima yenye wagonjwa wa presha, si kidogo.

Sababu moja inayotajwa ni renini, kimeng'enya cha figo ambacho kwa watu wengi wenye asili ya Afrika huwa chini. Dawa za PRIL hufanya kazi kupitia njia hiyo hiyo, hivyo hupungukiwa nguvu zikikosa mwenzake anayefaa.

Usikimbilie duka la dawa kununua amlodipini, tafadhali. Mwenye kisukari ambaye figo zake zinavuja protini, au ambaye moyo wake umechoka, anaweza kupewa PRIL kwa sababu nzuri kabisa. Binti mjamzito hatakiwi kuigusa, kwani humdhuru mtoto tumboni. Hapo ndipo kugawiana kunapokuwa hatari zaidi.

Tena kila dawa ina kero zake. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. PRIL huleta kikohozi kikavu, na wapo wanaomaliza chupa za dawa ya kifua bila kumwambia daktari. Dawa ya kukojoa ndiyo inayorukwa siku ya safari ya basi. Mweleze daktari, atakupangia saa nyingine ya kuimeza.

Na hakuna jozi inayofuta chumvi ya mezani, pombe au kitambi. Ukienda kliniki, nenda na maboksi yote, ya baba na ya mama, na uulize kila kidonge kinafanya nini.