Ustadhati aliyetufundisha istihadha

Ustadhati wetu wa madrasa, Allah amrehemu, alikuwa hodari wa somo ambalo wengi hulipitia mbio kwa kuona haya: hedhi na istihadha. Alitufundisha kuhesabu siku, kujistanji, kufunga kitambaa na kutawadha kwa kila Swala. Alitusimulia habari ya Fatima bint Abi Hubaysh, aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya damu isiyokoma, akajibiwa kuwa hiyo ni ya mshipa, si hedhi.

Kisha yakamfika mwenyewe. Damu nje ya siku zake, damu baada ya tendo la ndoa, halafu uchafu wenye harufu. Akasema ni istihadha, akatawadha, akaendelea kusomesha. Kwa Swala yake hakukosea. Ila fiqhi haikumwambia damu inatoka wapi. Alipofika hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kuenea. Aliacha watoto watatu, mdogo hajaanza Juzuu Amma.

Ndugu msomaji, karibu saratani zote za aina hii huletwa na kirusi cha HPV, na huchukua miaka mingi kukomaa. Muuguzi hupaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi. Penye kasoro hugeuka peupe. Ni dakika chache tu, na unaweza kuomba upimwe na mwanamke mwenzio. Kwa mabinti, Tanzania ilianza chanjo nchi nzima mwaka 2018.

Sisi wanafunzi wake tulikwenda kupima wanne pamoja. Mmoja alikutwa na doa, akatibiwa siku ile ile.