Tulipokula Michembe Bariadi

Akina mama wengi tukisikia habari za kutembelea miji, mawazo hukimbilia Mwanza au Zanzibar. Sisi tulikwenda Bariadi, na tungependa wenzetu mpajue.

Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Ukitoka Mwanza unafuata barabara ya Musoma hadi Lamadi, karibu na Ziwa Victoria, kisha unakata kulia. Hapo hubaki kama kilomita 70 za lami.

Jioni tulipanda penye majabali pembeni ya mji. Chini mabati yalimeta, ng'ombe walikuwa wakirudi, na mbele kulikuwa na mashamba ya pamba. Tulikaa kwa uangalifu, maana juu ya jabali hilo hilo mama mmoja alikuwa ameanika viazi.

Hivyo ndivyo vinavyokuwa michembe: viazi vitamu hukatwa vibichi na kukaushwa juani. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Huwekwa miezi mingi, na vimewavusha Wasukuma katika ukame.

Mwenyeji wetu alikwisha kumtuma mtoto dukani akalete soda na mkate. Tulipomwomba michembe, alicheka kwa haya.

"Jamani dada zangu, hicho ni chakula cha njaa. Wageni nitawapaje?"

Tulimsihi. Akapika michembe kwa karanga zilizotwangwa, na pembeni nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Sufuria ilirudi jikoni tupu! Soda zikawa za watoto.

Kwa kuwa sisi ni wauguzi, tulizungumza naye kidogo. Michembe peke yake ni wanga tu. Mtoto mdogo akipewa hiyo kila siku hushiba bila kujengeka mwili. Karanga na majani ya kunde ndivyo vinavyokamilisha sahani, na yeye alikwisha kuvitia bila kuambiwa. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A, lakini jua kali huipunguza. Afadhali vianikwe kivulini penye upepo.

Ukipita sokoni, chagua michembe inayovunjika kwa mlio. Iliyolainika bado ina maji. Karanga zenye ukungu zitupwe, hata kuku wasipewe, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.