Tabora 1958: mlango wa kutokea na mlango wa kurudia

Kila CCM inapokaribia kuteua mgombea wa urais, kundi letu la WhatsApp la watu wa Tabora tulio nje huwaka moto. Kuna mzee mmoja ambaye tangu 1995 anatangaza kwamba safari hii chama kinapasuka. Hakipasuki. Halafu vijana waliozaliwa huku wanauliza swali la haki kabisa: UNIP ya Kaunda ilianguka 1991, KANU ikaanguka 2002 baada ya Moi kumchagua Uhuru Kenyatta na wakubwa wenzake kuhama, sasa hiki chenu kina dawa gani?

Jibu la haraka ni dola. Chama kinachoshika serikali, polisi na hazina kina gundi ambayo wapinzani hawana, na anayekataa hilo anajidanganya. Lakini KANU nayo ilikuwa na dola. Dola peke yake haielezi kwa nini mkubwa aliyetoka kwa hasira, akagombea upande wa pili na kutukana alikotoka, baada ya miaka michache anaonekana tena amevaa kijani na njano. Kwa hilo inabidi turudi nyuma, na mimi nitarudi hadi nyumbani.

Asili yangu ni Kigwa, Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Leo ukipita kwa basi unaweza usijue umepita. Lakini katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo, ikishavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ilipita Tura, ikaja Rubuga, ikaja Kigwa, na hapo wapagazi wakajua Unyanyembe iko karibu. Burton na Speke walipita njia hiyo 1857, Stanley 1871. Pembe za ndovu zilishuka kwenda pwani, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda kuja bara.

Njia hiyo iliwahi kuzibwa na ugomvi wa kiti. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki 1858, utemi ulimwangukia Mnywa Sele. Huyu akataka Waarabu wa Tabora walipie bidhaa zao kodi kama wageni wengine. Waarabu wakaona ni dharau, wakatafuta mtu wa ukoo huohuo wa kitemi, Mkasiwa, wakamkalisha kwa nguvu karibu na 1860. Mnywa Sele hakuachiwa mahali pa kurudi: hakupewa gunguli, yaani eneo dogo, la kutawala, wala heshima ya mzee wa ukoo. Akaingia porini na watu wake, akaifanya njia ya misafara kuwa uwanja wake wa vita. Speke alikutana naye 1861, akajaribu kumsuluhisha na Waarabu, akashindwa. Kwa miaka kama mitano mizigo ilikwama na vijiji vya njiani viliumia, mpaka Mnywa Sele alipouawa 1865. Kilichoiumiza nchi zaidi, kwa maoni yangu, hakikuwa kushindana kwa watemi wawili, maana watemi walishindana siku zote. Ni kwamba aliyeshindwa alifungiwa mlango.

Sasa twende karibu miaka mia mbele, mji uleule.

Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichokuja kuzaa CCM, walikutana Tabora kwa mkutano mkuu wa mwaka. Tabora ilifaa. Reli za kutoka Dar es Salaam, Kigoma na Mwanza zinakutana hapo. Chama cha wazee kilichoitangulia TANU, yaani TAA, kilikuwa na mizizi pale, na Julius Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa mji ule kwa namna yake: alisoma Shule ya Serikali ya Tabora, akafundisha St. Mary's baada ya Makerere, na siasa za TAA alizianzia hapohapo kabla ya kwenda Edinburgh. TANU ilikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu tu tangu 7 Julai 1954.

Ajenda iliyowaumiza vichwa ni kura tatu. Gavana Edward Twining alikuwa ameandaa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na masharti yake yalikuwa ya kuudhi. Kila jimbo lingekuwa na wabunge watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na kila mpiga kura alilazimika kumpigia mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake imeharibika. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni nane na Wazungu kama 20,000, lakini barazani wangekaa sawa kwa sawa. Na si kila mtu angepiga: kulikuwa na sharti la kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo fulani. Mkulima wa Kigwa aliyekuwa na kadi ya TANU na alihudhuria mikutano yote hakuwa na kura.

Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameshaamua moyoni: tususie. Ukikumbuka walivyokuwa wametendewa, utawaelewa. Matawi ya TANU yalikuwa yamekataliwa usajili sehemu kadhaa, na 1957 Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadharani. Kuingia uchaguzi ule kulionekana ni kuubariki ubaguzi. Nyerere alikuja na msimamo mwingine. Hoja yake ilikuwa kavu: tukisusia, viti havitabaki wazi. Vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za serikali, kisha Twining ataiambia London na Umoja wa Mataifa kwamba hao ndio wawakilishi wa Tanganyika.

Mohamed Said, aliyekusanya kwa miaka mingi simulizi za wazee wa TANU, anaeleza kwamba Nyerere hakwenda Tabora mikono mitupu. Alipitia Tanga kwanza, akapanga na viongozi wa huko jinsi ya kuwageuza wajumbe, na mkutanoni akaomba Mwalimu Kihere wa Tanga aongoze kikao ili yeye ashuke na kuzungumza kama mjumbe. Wapo wanaosoma hapo ujanja wa mwanasiasa, na ujanja ulikuwepo. Lakini tazama ulifanyika kwa njia gani. Rais wa chama, mwenye jina kubwa kuliko wote ukumbini, aliona kwamba hawezi kuwa refa na mchezaji kwa wakati mmoja. Akaachia kiti, akabishana, kisha watu wakahesabiwa: 37 waliunga mkono kushiriki, 23 walipinga.

Ukiwatoa watu wanane upande mmoja na kuwapeleka upande wa pili, Nyerere ameshindwa na historia ya nchi inakwenda kwingine. Siku hizi, tukizoea matokeo ya asilimia tisini na kitu ndani ya vikao, inafaa kuzitazama namba hizo mara mbili.

Walioshindwa hawakuondoka mikono mitupu pia. Azimio lilibeba sehemu ya hasira yao: kama serikali isingekubali kupiga hatua ya madaraka kufikia 1959, TANU ingeingia katika mgomo na upinzani wa vitendo nchi nzima. Kwa hiyo mjumbe wa upande wa 23 aliweza kurudi kwao na kuwaambia wanachama kwamba tumekubali kura tatu, ila tumewawekea tarehe. Uamuzi huo baadaye ukaitwa Uamuzi wa Busara, jina lililotungwa na walioshinda, kama ilivyo kawaida.

Mmoja hakukubali. Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mtendaji wa TANU, alitoka na kuanzisha African National Congress mwaka huohuo akidai Afrika ni ya Waafrika. Hakuwa kichaa wala kibaraka, ingawa alipewa majina yote mawili. Alisema hadharani kile ambacho wanachama wengi walikiamini kimyakimya. Tatizo lake lilikuwa kwamba Uamuzi wa Busara ulizaa matunda haraka mno. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walizoa viti, wakiwemo wasio Waafrika kama Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. UTP ikafa. Gavana mpya, Richard Turnbull, akakubali kura tatu ziondoke. Novemba 1962 Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais, akapata kura kama 21,000 dhidi ya zaidi ya milioni 1.1.

Na hapa ndipo ninapowaomba vijana wa kundi letu wasikimbilie kufunga ukurasa. Mwaka 1963 ANC ilikwisha, na Mtemvu akarudi TANU. Alipokewa.

Kwa nini ilikuwa rahisi kumpokea? Kwa sababu TANU ya miaka ile ilijiona kuwa nchi, na aliyetoka ni kama aliyetoka nyumbani. Agosti 1960 chama kilipata viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichopotea, Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea binafsi na kumshinda mgombea rasmi wa chama. Yaani upinzani wote wa bunge zima ulikuwa mwana-TANU aliyekasirika.

Hapohapo kuna upande wa giza, na watu wa Tabora wanaujua. Mlango haukuwa wazi kwa wote. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, aliacha ubalozi wa London akaanzisha chama chake. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 aliwekwa kizuizini. Oscar Kambona, katibu mkuu na rafiki wa Nyerere tangu mwanzo, alijiuzulu 1967 na kuishi uhamishoni Uingereza hadi 1992. Chifu Abdallah Said Fundikira, mtoto wa ukoo uleule wa utemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri wakati wa uhuru, akatoka serikalini 1963 nchi ikielekea chama kimoja, na vyama vingi viliporuhusiwa akawa miongoni mwa wa kwanza kuunda chama, UMD. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba aliyeshindwa kwa hoja alisamehewa. Aliyekuwa na watu wake mwenyewe, wafanyakazi au jina la ukoo au uzito ndani ya serikali, alitazamwa kwa jicho jingine.

Chama kimoja kilipowekwa kisheria 1965, Nyerere alijaribu kubakiza ushindani ndani ya nyumba. Karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba, wakapelekwa kwenye mikutano pamoja na kukatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Haikuwa maigizo: Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa Mwanza. Lakini ngazi ya juu kabisa haikuwa na jembe wala nyumba. Urais ulikuwa na jina moja, la ndiyo au hapana, na ukaendelea hivyo CCM ilipozaliwa 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP ya Zanzibar, hadi 1990.

Ndiyo maana nasema chama kilirithi nusu ya Tabora. Kilitunza ile sehemu ya mtoro kusamehewa, kikaiacha polepole sehemu ya mwenye kiti kushuka na kuhesabiwa. Mwaka 1995 bado ilikuwepo: Kikwete aliongoza duru ya kwanza, Mkapa akamshinda ya pili, na Kikwete akasubiri miaka kumi bila kuhama. Mwaka 2015 majina 38 yalirudishwa, Kamati Kuu ikayapunguza hadi matano, na la Edward Lowassa halikufika hata kwenye meza ya kupigiwa kura. Akaenda Chadema, akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi. Machi 2019 akarudi CCM. Bernard Membe alifukuzwa 2020, akagombea kwa ACT-Wazalendo, naye akarudi 2022. Ni njia ya Mtemvu, kasoro kwamba Mtemvu alipigiwa kura ukumbini kwanza.

Januari 2025, mkutano mkuu maalumu wa CCM ulikaa Dodoma. Ajenda iliyosubiriwa ilikuwa kumpata makamu mwenyekiti badala ya Abdulrahman Kinana. Kabla haujafungwa, wajumbe walipitisha azimio la kumteua Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee, miezi kadhaa kabla ya wakati uliozoeleka wa kuchukua fomu. Mwenyekiti wa chama ndiye aliyekuwa anateuliwa. Julai, Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa katibu wa itikadi na uenezi, alijiuzulu ubalozi wa Cuba na kuupinga utaratibu huo waziwazi. Oktoba familia yake ikasema ametekwa nyumbani Dar es Salaam. Mzee wetu wa WhatsApp akasema tena kwamba sasa kinapasuka.

Mimi nilitazama majina ya walioinuliwa siku zile Dodoma. Mgombea mwenza alikuwa Emmanuel Nchimbi, ambaye Julai 2015 alisimama mbele ya waandishi pamoja na Sophia Simba na Adam Kimbisa kujitenga na uamuzi wa Kamati Kuu wa kumkata Lowassa. Makamu mwenyekiti aliyechaguliwa alikuwa Stephen Wasira, ambaye 1995 aliihama CCM, akagombea Bunda kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, na kumshinda Joseph Warioba.