KISIMA KILICHOKOSA MAFUTA SI HASARA TUPU



Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mitambo mirefu ya kuchimbia ilisimamishwa Kimbiji, kusini ya jiji la Dar es Salaam. Wakati ule Kimbiji ilikuwa ndani ya Wilaya ya Temeke. Siku hizi iko Wilaya ya Kigamboni. Kazi ya mitambo hiyo ilikuwa kutafuta mafuta chini ya ardhi. Mafuta ya kuuza hayakupatikana. Mitambo ikafunguliwa, ikabebwa, ikaenda zake.

Sisi walimu wa elimu ya watu wazima huulizwa mara nyingi: Je, fedha zile hazikupotea bure? Hapana, hazikupotea bure. Lakini ili tuelewane, tuanze na ardhi yenyewe.

MAFUTA HUKAA WAPI?

Wengi wetu hudhani kwamba chini kuna ziwa la mafuta. Sivyo. Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua ndoo, ijaze mchanga mkavu mpaka juu. Ndoo imejaa, sivyo? Haya, sasa mimina kikombe cha maji taratibu. Maji yanaingia yote! Yamekaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya punje za mchanga. Mafuta na gesi hukaa vivyo hivyo, ndani ya vinyweleo vya mawe.

Ili mafuta au gesi vipatikane, mambo manne lazima yakutane mahali pamoja:

1. Mwamba mama. Huu ni matope ya zamani yenye mabaki ya mimea na viumbe wadogo wa baharini. Yalifukiwa chini sana, yakapata joto kwa mamilioni ya miaka, mabaki yakageuka mafuta au gesi.

2. Mwamba wa kuhifadhi. Mara nyingi ni jiwe la mchanga, lenye vinyweleo kama ndoo yetu.

3. Mfuniko. Ni tabaka la udongo mzito wa mfinyanzi uliogandamana, usiopitisha kitu. Bila mfuniko mvuke wa sufuria hupotea hewani, na gesi nayo ni hivyo hivyo.

4. Mtego. Tabaka ziwe zimepinda kama bakuli lililofudikizwa. Mafuta na gesi ni vyepesi kuliko maji, kwa hiyo hupanda juu na kunaswa humo.

Likikosekana moja tu, kazi imekwisha. Huko Wingayongo katika Rufiji, na Tundaua kisiwani Pemba, dalili za mafuta huonekana juu ya ardhi. Hiyo yaonyesha kwamba mwamba mama upo katika pwani yetu. Lakini mafuta yanayovuja hayathibitishi kwamba chini yapo mengi ya kutosha kuuza.

KWA NINI WACHIMBE KABLA YA KUJUA?

Mnunuzi wa tikiti maji hulipigapiga kwa kidole, akasikiliza. Wataalamu nao hutuma mshindo ardhini, wakapima mwangwi unaorudi. Kwa njia hiyo huchora ramani ya tabaka. Hata hivyo tikiti halijulikani mpaka likatwe. Ndiyo maana huchimbwa kisima cha utafiti.

Keekee kubwa huzungushwa mwishoni mwa mabomba marefu. Tope maalumu husukumwa ndani ya mabomba. Tope hilo hupoza keekee, huzuia gesi isilipuke kutoka chini, na hurudi juu likiwa na chenga za mawe. Chenga hizo huoshwa, hutiwa katika mifuko, na kila mfuko huandikwa kina ulikotoka. Mabaki ya viumbe wadogo yaliyomo huwaambia wataalamu umri wa tabaka.

Kisha vyombo vya kupimia huteremshwa kwa waya. Kimoja hupima jinsi umeme unavyopita katika mwamba. Mwamba wenye maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Wenye maji matamu, mafuta au gesi hupitisha kidogo. Vipimo vyote huandikwa, tangu juu mpaka chini.

KIMBIJI ILITUPA NINI?

Basi, kumbukumbu za visima vya mafuta vya pwani hazikutupwa. Miaka ya 2000 wataalamu wa maji, akiwemo Fridtjov Ruden kutoka Norwei, walizisoma upya. Walichokitafuta wao ni maji. Wakaona tabaka nene za mchanga zenye maji matamu, chini kabisa ya visima vyetu vya kawaida.

Wakazi wengi wa Temeke na Kigamboni wanajua adha ya visima vifupi vya maji ya chumvi. Katika miaka ya 2010 mradi wa visima virefu 20 ulianza Kimbiji na Mpera, vingine vikifika karibu mita 600. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na mgao wa maji ukaanza Dar es Salaam, maji ya visima vya Kigamboni yalisaidia jiji.

Songo Songo nako ni fundisho. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ilitafuta mafuta huko, ikapata gesi. Wakati ule ikaona gesi hiyo haina faida, ikaiacha. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, likaendelea na utafiti. Mwaka 2004 gesi ile ilifika Ubungo kwa bomba kuzalisha umeme. Hata kiwanda cha saruji cha Wazo, Kinondoni, kikaanza kuitumia.

WANANCHI TUFANYE NINI?

Wachimbaji wakifika kijijini au mtaani, maneno huwa mengi. Mmoja huuza shamba haraka kwa bei ya kutupa. Mwingine huacha kulima, akingoja utajiri. Tusifanye hivyo. Mtambo umekuja kuuliza, na jibu laweza kuwa "hakuna".

Tukumbuke pia kwamba kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, mafuta na gesi ni mali ya umma, hata vikiwa chini ya shamba lako. Lakini ardhi yako ikichukuliwa, unastahili fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Hudhuria mkutano. Soma karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Omba nakala, uitunze. Maji ya Kimbiji yalionekana kwa sababu mtu aliandika, mwingine akatunza, na mwingine akasoma. Kusoma na kuandika tumejifunza, basi tuvitumie.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mambo manne yanayohitajika ili mafuta au gesi vipatikane.
2. Vyombo vya kupima umeme hutofautishaje maji matamu na maji ya chumvi?
3. Visima vingi vikivuta maji kupita kiasi karibu na bahari, maji ya chumvi huingia. Mtaani kwenu mtayalindaje maji matamu?