Kwa Nini Pikapu Mbili za Dizeli za Aina Moja Hutofautiana kwa Matumizi ya Mafuta

Na Mwandishi Wetu

Katika halmashauri nyingi nchini, pikapu ya dizeli ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi za Serikali vijijini. Hupeleka chanjo kwenye zahanati, mitihani shuleni, na wataalamu wa kilimo na maji kwa wananchi. Mafuta yake hulipwa kwa fedha za umma, hivyo kila lita inapaswa kuonekana katika daftari la safari za gari, ambalo ni miongoni mwa nyaraka zinazopitiwa wakati wa ukaguzi wa hesabu.

Katika daftari hilo ndimo swali huibuka. Pikapu mbili zinazofanana, zilizopokelewa pamoja, zinaonesha matokeo tofauti: moja imetembea kilomita 10 kwa lita moja, nyingine kilomita 7. Kwa safari za kilomita 2,100 kwa mwezi, ya kwanza hutumia lita 210 na ya pili lita 300. Pengo la lita 90 si dogo, na mara nyingi kidole cha kwanza huelekezwa kwa dereva. Tuhuma hiyo inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kumchafulia jina mtumishi mwaminifu, huku chanzo halisi kikiendelea kula mafuta.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni iwapo magari hayo yanafanana kweli. Jina na umbo si kigezo cha kutosha. Toyota Hilux moja inaweza kuwa na injini ya dizeli ya lita 2.4 na nyingine ya lita 2.8. Land Cruiser, maarufu kama "mkonga", ipo yenye injini ya silinda 6 ya lita 4.2 isiyo na turbo, na ipo yenye injini ya silinda 8 ya lita 4.5 yenye turbo. Aidha, magari yenye injini moja yanaweza kutofautiana gia au uwiano wa difu, na hivyo injini ya moja ikazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule.

Jambo la pili ni njia. Kupandisha gari la tani 2.5 kwenda juu mita 1,000 kunahitaji nishati ya takriban lita 2 za dizeli, mbali na mafuta ya kusukuma gari hilo mbele. Sehemu ya nishati hiyo hurudi wakati wa kuteremka, lakini nyingi hupotelea kwenye breki. Kwa sababu hiyo, gari linalohudumia kata za milimani mkoani Njombe haliwezi kulinganishwa moja kwa moja na linalotembea kwenye lami tambarare. Tope, mchanga, mzigo na matumizi ya gia za magurudumu manne huongeza pengo hilo.

Jambo la tatu ni mwendo na tabia ya uendeshaji. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukabiliwa na upinzani mkubwa kwa takriban asilimia 56 kuliko linalokwenda kilomita 80 kwa saa, na pikapu, kwa umbo lake la kisanduku, huathirika zaidi ya gari dogo. Vilevile, injini inayounguruma gari likiwa limesimama, kiyoyozi kikiwa kimewashwa ili kumsubiri kiongozi aliye mkutanoni, inaweza kutumia karibu lita moja kwa saa bila kuongeza hata kilomita moja kwenye daftari.

Jambo la nne ni matunzo. Tairi zenye upepo pungufu, breki zinazokamata, magurudumu yaliyopinda mwelekeo, chujio la hewa lililoziba na nozeli zilizochoka, kila kimoja huongeza matumizi kidogo kidogo. Moshi mweusi unaotoka mfululizo ni dalili kwamba dizeli haiungui yote. Kasoro hizi hazionekani kwa kulitazama gari kwa nje, bali hugundulika kwenye matengenezo yanayofanyika kwa wakati.

Hata hivyo, wakati mwingine tofauti haipo kwenye gari bali kwenye vipimo. Ikiwa gari limefungwa matairi yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 5 kuliko ya awali, mita yake itasoma kilomita 100 wakati limetembea 105. Kwenye daftari litaonekana linakula mafuta kuliko uhalisia, ingawa hakuna aliyeiba tone.

Ujazaji nao una mtego wake. Pampu kukata mapema au kuchelewa kunaweza kuleta tofauti ya lita 3. Kwenye ujazo wa lita 60 hiyo ni kasoro ya asilimia 5, lakini kwenye ujazo wa lita 20 ni asilimia 15. Njia sahihi ni kujaza tangi, kutembea, kisha kulijaza tena, na kugawa kilomita zilizotembewa kwa lita zilizoingia mara ya pili. Zoezi hilo lirudiwe angalau mara tatu mfululizo, ikiwezekana kwenye pampu ileile.

Wastani nao ukokotolewe kwa uangalifu. Gari likitembea kilomita 300 kwa kiwango cha kilomita 10 kwa lita, kisha kilomita 300 nyingine kwa kilomita 6 kwa lita, wengi husema wastani ni 8. Sivyo. Limetumia lita 30 na lita 50, jumla lita 80 kwa kilomita 600, hivyo wastani ni kilomita 7.5. Kosa hilo la hesabu pekee linaweza kuzaa upotevu ambao haukutokea.

Baada ya vipimo kusahihishwa, maafisa usafirishaji wanaweza kutumia njia rahisi ya kutafuta chanzo: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Madereva wabadilishane magari kwa wiki mbili, njia zikibaki zilezile. Matumizi makubwa yakibaki kwenye gari lilelile, lipelekwe kwa fundi, na kwa magari ya Serikali wapo Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA). Yakimfuata dereva, yachunguzwe mwendo wake, muda wa kuacha injini ikiunguruma na utunzaji wa mafuta aliyokabidhiwa. Kisha magari yabadilishane njia. Tatizo likiifuata njia, kiwango cha mafuta kwa njia hiyo kipangwe upya.

Pengo lisiloelezeka hata baada ya hatua hizo ndilo linalostahili uchunguzi wa kinidhamu, na hapo mwajiri atakuwa na kumbukumbu za kusimamia hoja yake. Kwa mwenendo huo daftari la safari hulinda pande zote mbili: fedha ya mwananchi isipotee, na dereva anayetimiza wajibu wake asiadhibiwe kwa kosa la nozeli.